Kabla ya Karatasi, Uulizwe Udongo

Ndugu Wanachama,



Katika mkutano wetu uliopita palizuka maneno mengi juu ya jambo ambalo halikuwamo katika ajenda, nalo ni vibali vya vyoo na makaro. Mzee wetu mmoja, ambaye sote twamheshimu, alisimama akauliza: "Shamba langu, jembe langu, shimo langu, niende kumwomba nani ruhusa ya kuchimba choo?" Watu wakacheka, na wengi wakampigia makofi. Mwengine akasema kwamba alipeleka maombi yake akasubiri miezi, na mwisho akapewa karatasi yenye muhuri bila ya mtu yeyote kuja kulitazama shamba. Adhana ya alasiri ikayakata mazungumzo, nasi tukaahidi kwamba jawabu itatoka katika ukurasa huu. Ahadi ni deni, na leo twalilipa.

Kwanza twasema neno ambalo pengine hamkulitazamia kutoka kwa katibu wenu: mzee wetu ana haki katika nusu ya maneno yake. Karatasi iliyotiwa muhuri mezani na mtu asiyeuona udongo haimkingi mtu yeyote na maradhi. Lakini nusu ya pili hatukubaliani naye. Shimo ni lake, ndiyo. Ila maji yatokayo katika shimo hilo si yake peke yake. Maji hayajui mpaka wa shamba, wala hayawezi kusoma hati. Yateremkapo hufika kwa jirani, na jirani hakuulizwa.

Nasi hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole, kwani kosa lililo kubwa tumelifanya sisi wenyewe. Mnakumbuka kwamba chama kilijenga choo na karo nyuma ya ghala letu, pale juu ya kilima, kwa fedha za ada zenu. Utaratibu tuliufuata: tuliandika barua, tukachora ramani, tukalipa, tukapata kibali. Hakuna afisa aliyekuja kutazama, nasi hatukumwita. Fundi alichimba wakati wa kiangazi, ardhi imepasuka nyufa, na kila ndoo ya maji aliyoimwaga shimoni ilizama papo hapo. Tukafurahi, tukasema udongo huu unakunywa vizuri.

Masika yalipoingia, shimo likajaa mpaka juu kabla ya mwezi kwisha. Maji machafu yakatafuta njia yao chini kwa chini, yakatokea ubavuni mwa kilima, hatua chache juu ya kisima wanachochota majirani zetu. Akina mama ndio waliojua kwanza, kwa harufu. Kisima kikafungwa, na kwa masika yote yaliyobaki watoto wakawa wanakwenda bonde la pili kuchota maji kabla ya kwenda skuli. Chama kikalipa mara ya pili, kulifukia karo lile na kuchimba jengine. Hapana aliyekufa, na twamshukuru Mungu. Lakini hiyo ilikuwa rehema yake, haikuwa hekima yetu. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi tulichimba karo, wakaingia majirani.

Basi tutazame kosa lilikuwa wapi, ili fedha zile zisiwe zimepotea bure.

Wengi wetu hudhani karo ni shimo la kufichia uchafu usionekane. Karo lililo sawa lina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja. Humo vitu vizito huzama, mafuta huelea juu, na vijidudu vinavyoishi pasipo hewa huula uchafu polepole. Tangi hili halisafishi maji. Huyatuliza tu, na maji yatokayo upande wa pili bado yamebeba maradhi. Sehemu ya pili ni shimo la kunywea, au mitaro iliyojazwa kokoto, na hapo maji huingia katika udongo. Kazi iliyobaki yote hufanywa na udongo. Chembe zake huchuja, na viumbe vidogo vilivyomo ndani yake huviua vijidudu vya maradhi, maadamu udongo una hewa na maji yanapita taratibu. Kwa hiyo aliyenunua saruji na matofali bila ya kuutazama udongo wake amejenga nusu ya karo, na nusu ile nyengine ameiachia bahati.

Kisiwa chetu cha Pemba hakina udongo wa namna moja, na kila mkulima alilijua hili kabla ya kujua kusoma. Juu ya vilima vyetu vya mikarafuu udongo ni wa kina kirefu. Mabondeni, tunakopanda mpunga, kuna kinamo kizito kinachonata mguuni. Upande wa mashariki, kama kule Micheweni, kuna uwanda na maweni, ambako jembe likipigwa mara mbili limekwisha gonga jiwe. Mkulima hawezi kupanda mkarafuu katika maweni, kwa kuwa ajua hautasimama. Lakini mkulima huyo huyo atachimba karo la namna moja popote apatapo nafasi, akadhani shimo ni shimo tu.

Kinamo kina hila yake, na hiyo ndiyo iliyotupata sisi. Wakati wa jua hukauka kikapasuka, na maji yakimwagwa hupita katika zile nyufa upesi upesi. Mvua zikinyesha udongo huvimba, nyufa huziba, na shimo huwa kama mtungi. Kumbe juu ya kilima chetu, chini ya udongo mzuri wa juu, mlikuwa na tabaka la kinamo ambalo hatukulitafuta. Maji yakifika juu ya tabaka hilo hushindwa kushuka, yakateleza kwa ubavu mpaka yatokee mteremkoni. Ndivyo zipatikanavyo chemchemi nyingi za mabondeni, na njia iliyo ya chemchemi yaweza pia kuwa njia ya karo.

Maweni nayo yana hila iliyo mbaya zaidi, kwa sababu hufanana na neema. Tumewasikia watu wakijisifu: "Karo langu lina miaka kumi, halijajaa hata siku moja." Ndugu zetu, karo lisilojaa katika maweni si jambo la kujisifia. Jiwe la matumbawe lina mianya na mapango, na maji hupita humo kama katika bomba, bila ya kuchujwa, yakaenda kuingia katika maji tunayochota. Karo lililojaa angalau humkera mwenyewe, akalitengeneza. Hili lisilojaa humstarehesha mwenyewe na kuwadhuru wenziwe.

Sasa, udongo huulizwaje? Kipimo chake hakitaki mashine. Kilianza kutumika huko New York, Marekani, katika miaka ya 1920 kwa kazi ya mhandisi aitwaye Henry Ryon, na mpaka leo wilaya nyingi za mashamba za nchi ile hazitoi kibali cha karo mpaka udongo upimwe mahali penyewe. Chimba kishimo chenye upana wa futi moja, kina chake kifike pale ambapo maji ya karo yatatokea. Kwaruza kuta zake kwa ncha ya kisu, kwani jembe huzilainisha zikaziba. Tia maji, uyaongeze kila yanapopungua, udongo ulowe usiku kucha. Siku ya pili tia tena maji yafike inchi 6 kutoka chini, simamisha kijiti chenye alama, utazame saa. Maji yakichukua baina ya dakika 1 na dakika 60 kushuka inchi moja, udongo wafaa. Yakizidi saa nzima, ni mzito mno. Yakishuka inchi moja kabla ya dakika moja kutimia, ni mwepesi mno, na hatari yake tumekwisha ieleza.

Kule kulowesha usiku kucha ndiko sisi tulikokuacha. Tena iliyo bora ni kupima wakati wa masika yenyewe, kwani udongo wa kiangazi husema uwongo. Wakati huo huo chimba shimo jengine refu, utazame maji ya ardhini yamesimama wapi. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada katika nchi nyingi ni kwamba chini ya shimo la choo pabaki angalau mita 1.5 za udongo kabla ya kufika maji, na baina ya choo na kisima pawe na mita 30 au zaidi. Katika maweni hata hizo 30 hazitoshi. Na choo kisikae juu ya kisima katika mteremko, ikiwa pana mahali pengine popote.

Ambaye udongo wake umekataa asikate tamaa, wala asichimbe kwa ukaidi. Penye maji ya karibu choo huweza kuinuliwa juu ya ardhi kwa matofali. Huweza pia kujengwa choo cha vyumba viwili, kimoja kitumike na kimoja kipumzike mpaka uchafu ugeuke udongo. Tangi lisilovuja nalo lafaa, lakini mwenye kulijenga ajiulize kwanza kama gari la kunyonya uchafu litaweza kufika kwake. Tena shimo la kunywea lisiwe karibu na mikarafuu, kwa sababu mkarafuu hauvumilii maji yanayotuama mizizini, na mizizi nayo huja ikaliziba shimo.

Yote hayo ni juu ya nyumba zetu. Lakini liko jambo zito zaidi, ambalo katika mkutano halikutajwa na mtu yeyote, nalo ni kambi za wachumaji.

Msimu unapofika, twawaita watu kutoka vijiji vyengine waje kutuchumia. Twawaandalia vipolo, kamba, majamvi na pishi ya kupimia. Twabishana nao juu ya malipo ya kila pishi. Kisha twawaacha walale bandani wiki baada ya wiki, wanaume na wanawake na watoto wao, na choo hakuna. Mwanamume huingia kichakani. Mwanamke husubiri mpaka giza liingie, na khofu yake na adha yake haimo katika hesabu zetu za msimu. Asubuhi watoto huokota karafuu na makonyo chini ya mti ule ule, miguu mitupu.

Na tujue kwamba kivuli chenye unyevunyevu ndicho kinachopendwa na mnyoo wa safura. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakaanguliwa katika udongo, na kijidudu chake huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Hukaa matumboni akinywa damu, mpaka mtoto akawa dhaifu na mama mjamzito akaishiwa na damu. Kichocho nacho huanzia kwa mtu kukojoa katika kijito. Konokono wa maji hukipokea, na anayeoga au kufua hapo hukipata. Maradhi haya si khabari za mbali. Yamechunguzwa kwa miaka mingi hapa hapa Pemba, katika maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000. Dawa zimegawiwa skulini na vijijini mara nyingi, nazo zimesaidia sana. Lakini dawa humtoa mtu mnyoo wa leo. Wa kesho yumo katika udongo akimngoja, maadamu choo hakuna.

Na kipindupindu tusikisahau. Mwaka 1978 kiliingia visiwani petu katika kijiji kimoja cha wavuvi, wakaugua watu 411, na 51 kati yao wakafa. Kimerudi mara nyingi tangu hapo, na mlipuko wa mwaka 2015 na 2016 ulikuwa mkubwa. Kikiingia katika kambi ya wachumaji isiyo na choo, yenye kisima kimoja bondeni, wachumaji watakimbilia makwao nacho, na msimu utakuwa umekwisha siku hiyo. Karafuu zitaanguka chini zikawa mpeta tupu. Basi hata asiyemwonea huruma mchumaji, na ajionee huruma mwenyewe. Tena karafuu yetu huanikwa chini juu ya jamvi, na wanunuzi wa ng'ambo siku hizi hutazama usafi kama wanavyotazama ukavu.

Twazijua jawabu ambazo hutolewa. Ya kwanza ni kwamba wazee wetu hawakuwa na makaro nao waliishi. Ni kweli waliishi, lakini walikuwa wachache na nyumba zilikuwa mbali mbali. Leo pale palipokuwa na nyumba moja pana sita, kila moja na shimo lake, na kisima ni kile kile. Tena wazee hao hao, na sisi tuliosoma chuoni kwao, tulifundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kujisaidia katika mapito ya maji, njiani, na katika kivuli wanachokaa watu. Mahali patatu hapo ndipo hasa penye kambi zetu: kijito, njia ya shamba, na kivuli cha mkarafuu.

Jawabu ya pili ni gharama. Hatusemi kila kambi ijengewe karo la saruji. Kambi ya msimu yatosha choo cha shimo kilichochimbwa mahali palipopimwa, chenye sakafu inayooshwa, mlango unaofungika, kifuniko cha tundu, na dumu la maji na sabuni nje. Chumba cha wanawake kiwe mbali na cha wanaume. Fundi wa kijijini aweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku chache, na miti na makuti tunayo mashambani. Mwenye kuona gharama ni kubwa na atuulize sisi tuliolipa mara mbili kwa karo moja.

Jawabu ya tatu ndiyo ya mzee wetu: kibali. Hapa twataka kusema kwa adabu lakini kwa uwazi. Mwanachama asiyeomba kibali kwa kuwa kinachelewa amekosa, kwa sababu akimdhuru jirani hana la kujitetea. Na ofisi inayotoa kibali bila ya kumtuma mtu aje autazame udongo nayo imekosa, kwa sababu imechukua ada ya kazi ambayo haikuifanya. Makosa haya mawili hulishana. Mtu akiona kibali ni karatasi tu, hukidharau. Na ofisi ikiona watu wanataka karatasi tu, huwapa karatasi. Wa kuivunja duara hii ni sisi, kwani ndio tunaoyanywa maji.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tutaleta mapendekezo manne, nasi twaomba myafikiri mapema.

La kwanza, kila mwanachama anayeomba kibali cha choo au karo ayaambatanishe maombi yake na matokeo ya kipimo cha udongo: tarehe, mahali, dakika kwa inchi, na kina cha maji ya ardhini. Sheha ashuhudie, na jirani wa upande wa chini wa mteremko pia ashuhudie. Ombi lenye hesabu ndani yake ni vigumu kutiwa muhuri kwa kufumba macho.

La pili, chama kiiandikie Halmashauri barua rasmi kuomba kwamba Bwana Afya afike shambani kabla ya kibali kutolewa, na kwamba jawabu itoke katika muda unaojulikana. Ikiwa shida yao ni usafiri, wanachama wa sehemu moja na wapeleke maombi yao pamoja, ili siku moja ya Bwana Afya itoshe mashamba mengi.

La tatu, chama kichague vijana wawili katika kila tawi wafundishwe kipimo hiki. Kijiti, saa na ndoo havimshindi mtu.

La nne, nalo ndilo zito, mwanachama asiye na choo katika kambi yake asiandikiwe wachumaji kupitia chama chetu mpaka awe nacho. Twajua neno hili litawakera baadhi yenu. Tumelifikiri sana kabla ya kuliandika. Lakini hatuwezi kuwataka watu wapande miti yetu mirefu kwa kamba, huku tukiwanyima shimo la futi chache.

Na ili tusiwe wa kusema tu, twatangaza kwamba kipimo cha karo letu jipya la ghala, kilichofanywa masika, kimebandikwa katika mlango wa ofisi. Kila mtu na akisome, na atakayeona pana kosa asitustahi.

Mzee wetu aliyeuliza swali lile tulimtembelea baada ya mkutano. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kisima anachochota yeye kiko chini ya nyumba ya mwanawe, na tangu alipomjengea mwanawe hajapata kulifikiria hilo. Akamwita mjukuu wake, akamtuma jembe. Hatukumwambia neno zaidi.

Nanyi nyote, masika yakifika, tafadhalini chimbeni vile vishimo vya futi moja. Mje mkutanoni kila mmoja na jawabu ya swali moja tu: udongo wako umekunywa inchi moja kwa dakika ngapi?

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama